Nyumba Nambari Saba Ina Wenyewe: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Utafiti wa Majengo

Mji Mkongwe, Unguja

Kwa:
Wakuu wa idara za usanifu majengo, historia ya miji na sayansi ya majengo, katika vyuo vya ndani na vya nje vinavyoleta watafiti Mji Mkongwe;
Wanaofadhili tafiti hizo;
Wanaotia saini vibali vyake.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

YAH: MATOKEO YA VIPIMO VILIVYOCHUKULIWA NDANI YA NYUMBA ZETU

Baada ya salamu, naomba nijitambulishe kwa kazi yangu, maana jina langu halitawasaidia kitu. Mimi ndiye ninayeshika ncha ya pili ya futi kamba. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, mwanafunzi wa usanifu akiingia Mji Mkongwe huulizia barazani mtu wa kumwonyesha njia, kumpigia hodi na kumtafsiria, na mara nyingi huletwa kwangu. Nimebeba ngazi, nimemulika tochi, nimetambaa chini ya mapaa ya mabati kuhesabu boriti, nimewabembeleza mabibi waturuhusu kufika hadi vyumba vya ndani. Wengi wa watafiti hao nimekula nao urojo, na wawili watatu nimewauguza homa. Basi msiichukue barua hii kuwa ya mtu anayeuchukia utafiti. Mikono yangu imo katika vipimo vyenu.

Naandika hadharani kwa sababu faraghani nimeshindwa. Barua ya kwanza niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi moja, nikaambiwa mhusika yuko semina. Ya pili na ya tatu nilizituma kwa barua pepe kwa mkuu wa idara alikotoka mtafiti nitakayemzungumzia. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mistari miwili: nashukuriwa kwa maoni yangu, yatafanyiwa kazi. Masika mawili yamepita toka hapo. Chuo chenyewe sitakitaja, wala mtafiti, kwani yule alikuwa kijana mwema na alifanya kila alichofundishwa kufanya. Shida yangu iko hapo hapo.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa mbili, iko vichochoroni nyuma ya Darajani. Mwenyewe ni mjane. Mimi namwita shangazi ingawa hatuchangii damu. Kijana alikuja na vidude vya kupima joto na unyevu, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Tukavibandika vyumbani, na kimoja tukakitia kwenye shubaka la ukuta, chini kidogo ya vichwa vya boriti, upande wa msalani. Vilikaa miezi kumi na minne vikiandika kila baada ya nusu saa. Shangazi alivifuta vumbi kila Ijumaa, na mjukuu wake alikatazwa kuvigusa kwa vitisho vya kila namna.

Anayezijua nyumba hizi anajua zinavyosimama. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo, unene wake nusu mita na zaidi. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, nazo hazizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba aliuamua mkoko kabla mwashi hajafika. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kupondwa kwa virungu mpaka lishikamane. Sakafu ya namna hii ni nzito mno, na uzito wake wote unakwenda kulalia vichwa vya boriti, ambavyo vimefichwa ndani ya ukuta, pasipofika jicho. Boriti inaweza kuwa nzima katikati, ukiigonga inalia vizuri kabisa, na huku kichwa chake mle ndani kimeshakuwa unga.

Kwa shangazi, msala wa juu ulikuwa umesakafiwa upya kwa saruji na kutiwa bomba. Bomba likavuja, polepole, bila kelele. Nje, ukuta ulikuwa umepigwa plasta ya saruji ili upendeze. Maji yakaingia ukutani na yasipate pa kutokea. Kile kidude cha shubakani kiliyaona yote hayo. Mchoro wa unyevu wake, ambao baadaye niliutazama kwa macho yangu, uko juu mwaka mzima, hata wakati wa kaskazi ambapo kuta nyingine za nyumba ileile zinakauka. Kijana naye aliona. Aliandika, ukurasa wa mia na kitu, kwamba upande ule vichwa vya boriti huenda vimeoza na panastahili kuangaliwa na mtaalamu. Akatia na picha. Akaitetea tasnifu yake, akafaulu, nami nilimpigia simu kumpongeza.

Hakuna aliyemwambia shangazi.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa mvua za masika, kipande kikubwa cha sakafu ya chumba kile kilishuka hadi chini pamoja na kabati, cherehani na kitanda. Mjukuu anayelala kitanda hicho alikuwa amekwenda kwa mama yake Bububu. Alhamdulillahi; sina neno jingine la kuweka hapo. Mpwa wangu ndiye aliyeitafuta tasnifu kwenye intaneti akanisomea. Nyumba niliitambua kwa picha ya shubaka. Jina lake humo ni Nyumba Na. 7.

Mnaikumbuka tarehe 25 Desemba 2020. Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake kubwa likiwa katikati ya matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Sileti hapa hoja ya nani alaumiwe. Hiyo ina mahali pake. Nasema tu kwamba toka siku ile mtu wa Mji Mkongwe akisikia ukuta umelia usiku, halali tena. Aliye na habari za ukuta huohuo ndani ya kompyuta yake, yeye analala.

Baada ya hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Hatari inayoonwa na mtafiti haina pa kusemwa.

Daktari akichukua damu ya mtu kwa utafiti wa malaria, akakuta na sukari imepanda, humwambia. Katika taaluma yenu utaratibu huo sijauona hata katika nyumba moja nilikoshika futi kamba. Mtafiti akiona ufa umekua au dari imetumbukia, huandika "hali: mbaya" kwenye jedwali na kusonga chumba kinachofuata. Majedwali hayo nayajua. Mengine nimeyajaza mimi mwenyewe kwa kalamu yangu, nikafunga daftari, nikaaga. Sehemu hiyo ya lawama ni yangu na siikimbii.

2. Fomu ya ridhaa inamlinda aliyeiandika.

Fomu aliyopewa shangazi ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza. Niliitafsiri tumesimama kwenye ngazi, harakaharaka, kwani siku hiyo tulikuwa na nyumba nne nyingine. Alitia saini kwa herufi za Kiarabu, ndizo alizosomeshwa chuo cha Kurani alipokuwa mdogo. Fomu ilimwahidi kwamba jina lake na nyumba yake havitajulikana. Shangazi alicheka: "Nani mji huu asiyejua nyumba hii ni ya nani?" Nikacheka naye. Sasa ndiyo naona kilichofichwa na kwa nani. Siri ile haikumficha shangazi kwa majirani, maana majirani wanajua hata amepika nini. Ilimficha yeye asiione nyumba yake ndani ya utafiti. Angeweza kuisoma tasnifu nzima, kama angejua Kiingereza, na asijue kwamba ukuta unaosemwa umo chumbani mwa mjukuu wake.

Kifungu kinachosema matokeo yatamfikia sikukiona. Kilichokuwepo ni kwamba akitaka habari zaidi, aandike barua pepe.

3. Mizani ya joto haijui fukuto.

Hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo.

Kila mtafiti wa joto la majengo huja na maswali ya aina moja. Mkaaji wa nyumba anaulizwa anahisije sasa hivi, naye achague moja kati ya saba: joto kali, joto, joto kidogo, wastani, baridi kidogo, baridi, baridi kali. Mizani hiyo ina asili yake. Mwaka 1970 Povl Ole Fanger, mhandisi wa Denmark, alitoa hesabu za namna mwili unavyoridhika na hewa ya chumbani, na hesabu hizo zilitokana na vijana wa vyuo, Wamarekani na Wadenishi, waliokalishwa katika chumba maalumu ambacho joto na unyevu wake vinadhibitiwa. Hesabu za vijana wale zikawa msingi wa viwango vya kimataifa, na viwango ndivyo vinavyobisha hodi kwa shangazi.

Siku ya maswali ilikuwa mwezi wa Machi, upepo umekata. Kijana akauliza, nikatafsiri, shangazi akasema: "Mwambie ni fukuto." Kijana akatazama orodha yake, fukuto haimo. Nikamweleza: hewa imesimama, jasho halikauki, nguo inaganda mwilini, na huenda kipima joto kikisoma ukakuta si joto la kutisha. Upepo ukiingia kidogo tu mambo yanageuka, na nyuzi ni zilezile. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaandika jumlisha mbili, yaani "joto" tu. Na tulipofika upande wa pili wa mizani tulikwama tena, kwa kuwa mtu wa Unguja ukimwambia chumba chake kina "baridi kidogo" umemsifia.

Najua wapo katika fani yenu waliokwisha kuliona hili. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walionyesha, kwa takwimu za majengo ya nchi nyingi, kwamba watu wa majengo ya kufungua madirisha huridhika na joto pana zaidi, wakifuata hali ya hewa ya nje waliyoizoea. Basi elimu mnayo. Ninachouliza ni kwa nini fomu zinazotufikia vichochoroni bado ni zile za chumba kilichofungwa.

Kuna na kosa jingine, dogo kulieleza lakini linaharibu kazi nzima. Nyumba hizi watu hawakai chumba kimoja. Asubuhi shangazi yuko juu upande wa magharibi, ambako jua halijafika. Adhuhuri ameshuka ukumbini kwenye kuta nene. Baada ya Alasiri yuko barazani, na zamani, kabla mabati hayajafunika mapaa ya sakafu, usiku wa joto watu walipanda juu kulala. Walijua kwamba ukuta mnene hukawia kupitisha joto, na la mchana hufika ndani wakati wa kulala. Kidude kilichobandikwa ukutani hakihami. Kwa hiyo tasnifu ikasema chumba cha juu upande wa magharibi hakikaliki saa tisa alasiri. Ni kweli kabisa. Saa tisa hakuna aliyekuwemo.

4. Chokaa yetu imepanda ndege na haijarudi.

Kulikuwa na fundi chokaa mmoja, Mungu amrehemu, aliyefanya kazi toka ujana wake. Watafiti wote walipelekwa kwake. Aliwaonyesha jinsi matumbawe yanavyopangwa juu ya kuni na kuchomwa mpaka jiwe likawa jeupe na jepesi, jinsi ya kulimwagia maji likachemka lenyewe na kupasuka, na jinsi ya kuiacha chokaa ilale majuma mengi kabla ya kuitumia. "Chokaa inarudi jiwe," alikuwa akisema, na wanafunzi waliliandika kama maneno ya mzee mwenye busara. Ni kemia tupu. Kwenye moto wa nyuzi 900 hivi jiwe hutoa hewa ya ukaa. Chokaa ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ileile kidogo kidogo, mpaka inakuwa jiwe kama ilivyokuwa. Ndiyo maana ukuta wa chokaa unapitisha unyevu na kuutoa, na ndiyo maana plasta ya saruji juu ya matumbawe laini inafungia maji na chumvi ndani, mpaka siku moja inabanduka na ngozi ya ukuta.

Sasa sikieni. Vipande vya plasta vilibanduliwa katika nyumba nyingi, vikatiwa kwenye vifuko vya nailoni, vikapewa nambari, vikapelekwa maabara ng'ambo ya bahari. Fundi aliuliza kila mara: mumekuta nini? Mchanga wa wapi? Chokaa kiasi gani kwa mchanga kiasi gani? Alitaka kulinganisha na alivyofundishwa na baba yake. Amekufa akisubiri jibu.

Wanafunzi wake leo wanatumia saruji. Msiwalaumu haraka. Kila warsha wanaambiwa saruji inaua nyumba za mawe, na wanaitikia, na wanakula chakula cha mchana cha warsha. Lakini mfuko wa saruji una maelekezo ubavuni, una uzito unaojulikana, una duka kila mtaa. Chokaa haina karatasi. Mwenye nyumba akimuuliza fundi kijana, "Utachanganya vipi, na itadumu?", fundi hana cha kumwonyesha. Karatasi hiyo ingeweza kuandikwa kwa majibu ya vifuko vile vya nailoni. Kama mngeniuliza utafiti mmoja tu wa kufanya Unguja, ningesema acheni kupima nyumba mpya. Tafuteni matokeo yaliyokwisha kulipiwa, muyaweke pamoja kwa Kiswahili.

5. Historia inaandikwa juu ya upande mmoja wa barabara.

Toka Mji Mkongwe uingie katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata, watafiti wamejazana upande wetu. Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa Darajani, walikoishi watu wengi zaidi, huja wachache. Mipango ya mji ilichorwa na wageni mmoja baada ya mwingine: Mwingereza Lanchester 1923, Wajerumani Mashariki 1968, Wachina 1982. Kila mtafiti anaijua mipango hiyo kwa moyo. Ukimuuliza mkono wa bahari uliofukiwa pale Darajani ulipita wapi hasa, na masika maji yanarudi kudai njia gani, hakuambii. Wazee wa Ng'ambo wanakuambia, kwa kidole.

Na maneno pia. Nimeiona ramani ya nyumba ya dukani, ya Kihindi, mtaa wa Hurumzi, imeandikwa "daka" na "msana" kana kwamba iko Lamu. Hayo ni maneno ya nyumba za huko, mazuri, yenye maana yake. Mwenye duka hakuwahi kuyasikia.

6. Majina.

Mimi ni "mkalimani wa mahali". Fundi chokaa ni "mtoa habari". Sidai zaidi, ila yule mzee alistahili jina lake.

Waheshimiwa, majibu yenu mengine nayajua, maana nimeyasikia kwa mdomo wakati tukisubiri boti.

Mtasema bajeti ya utafiti haina fungu la kurudisha matokeo. Bajeti hiyo ina fungu la ndege, la vidude, la hoteli, na la kuhudhuria mkutano wa kusoma matokeo mbele ya watu wasioishi katika nyumba hiyo. Ninachoomba ni karatasi moja, pande mbili, kwa Kiswahili.

Mtasema mtafiti ni mwanafunzi, hana leseni ya kumwambia mtu nyumba yake itaanguka, na akikosea atashitakiwa. Basi asiseme itaanguka. Aseme: "Bibi, ukuta huu una maji mwaka mzima, mwite fundi aangalie vichwa vya boriti." Maneno hayo hayahitaji leseni. Kijana alikuwa nayo, kwa Kiingereza, ukurasa wa mia na kitu.

Mtasema tasnifu iko wazi kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuisoma. Ya shangazi imo, kweli. Makala iliyotokana nayo imo katika jarida linalodai malipo ya dola kabla ya kukufungulia.

Mtasema nyumba nyingi ni za serikali au za wakfu, na anayekaa humo si mwenye kauli ya matengenezo. Hili lina uzito, sikatai. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibadili mikono, na mpangaji hana uwezo wa kubomoa msala. Lakini mpangaji anaweza kuhamisha kitanda cha mtoto.

Mtasema mwisho kwamba nikiwabana sana watafiti hawatakuja, nami nitakosa kazi. Inawezekana. Nimelifikiria hilo usiku mwingi, na mke wangu amelifikiria zaidi yangu.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

(a) Mtafiti akiona dalili ya hatari kwa wakaaji, awaambie siku hiyohiyo kwa lugha yao, awaandikie, na aiarifu ofisi yenye dhamana ya majengo. Sharti hili liandikwe ndani ya kibali, na kwenye kanuni za maadili za chuo.

(b) Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili na isomwe mtu ameketi. Iwe na swali: "Unataka upewe nambari ya nyumba yako ndani ya utafiti, na matokeo yake?" Nambari hiyo apewe mwenye nyumba kwa siri, kama anavyopewa mgonjwa nambari yake.

(c) Kabla ya kibali kipya kutolewa kwa chuo chochote, kiulizwe matokeo ya zamani yamerudi wapi. Nakala za michoro, picha na takwimu zikabidhiwe Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, ziweze kuonwa bila malipo na mwenye nyumba.

(d) Matokeo ya sampuli zote za chokaa na plasta zilizochukuliwa Unguja yakusanywe, na kutoka humo uandikwe mwongozo mfupi wa uchanganyaji kwa ajili ya mafundi, ukiwa na vipimo vya ndoo, kwa kuwa fundi hapimi kwa gramu. Mafundi wawepo wakati unaandikwa, na majina yao yawekwe juu pamoja na ya maprofesa.

(e) Maswali ya joto yatungwe upya kwa Kiswahili pamoja na wakaaji. Fukuto iwemo.

(f) Nyumba zote zilizopimwa ambazo wakaaji wake hawajarudishiwa kitu, chuo husika kiziorodheshe na kianze na zile zilizoandikwa "hali: mbaya". Naomba hili lifanyike kabla ya masika yajayo.

Kwa (f) niko tayari kusaidia bila malipo. Madaftari yangu ninayo, ya miaka yote, na nyingi ya nyumba mlizozipa nambari ninaweza kuwapeleka mlangoni. Shangazi amehamia chumba cha chini. Sakafu imetandikwa mbao za kuazima, na juu yake karatasi ya nailoni. Anasema atakayekuja aje baada ya Alasiri, yuko barazani.

Wenu mtiifu,

Mshika futi kamba,
Mji Mkongwe.

Nakala:
Mafundi chokaa waliobaki;
Mtafiti wa Nyumba Na. 7, popote alipo, pamoja na salamu;
Mwenye Nyumba Na. 7 (nimemsomea kwa mdomo, akaniambia niongeze kwamba cherehani ilikuwa ya mama yake).